Siku Baba Mkwe Aliponisemesha Kiswahili

Nimeuza dawa Bariadi mjini kwa miaka kumi na moja, katika duka la mtu, si langu. Katika miaka hiyo nimejifunza kwamba mwanaume mwenye homa huingia akilalamika kwa sauti mpaka jirani wa saluni asikie. Mwanaume mwenye lile jambo huanza kwa kukohoa. Atauliza bei ya sabuni asiyoitaka. Atampisha mama mwenye mtoto, atampisha na bibi wa dawa ya macho, atalitazama kopo la pipi kwa makini sana, halafu duka likibaki tupu atainama kidogo na kusema, "Dada, nina shida ya nguvu."

Hapo sikumwuliza kitu. Sikulirudia neno lake wala sikumtazama usoni. Nilichukua bahasha ya kaki, nikaweka vidonge vinne ndani, nikalaza juu yake karatasi ya Panadol ili hata mkewe akiichungulia aone Panadol, nikaikunja mara mbili na kumsogezea. Vidonge vile havikupaswa kutoka dukani bila cheti cha daktari. Najua. Mwenye duka alijua, na wateja walijua, ndiyo maana walikohoa. Lakini nilijisifu kwa kazi ile. Niliamini nimewasitiri. Walikuwa wakitumana wao kwa wao, nendeni kwa yule dada, yule anaelewa bila kuambiwa, na mimi sifa hiyo ilinikaa vizuri mwilini.

Wengine sikuwaelewa hata kidogo, nikiri. Kijana mmoja alinunua wiki moja baada ya kumzika mama yake, upara wa msiba ungali unang'aa kichwani. Sikumpa pole, maana pole ingekuwa mlango wa mazungumzo. Mwingine alikuwa mlinzi anayelinda maghala mawili, usiku hapa, mchana kule, ana macho mekundu kama nyanya. Huyo alihitaji kulala. Wote waliondoka na bahasha ile ile.

Na siku za mnada kulikuwa na gari la spika. Linapita polepole, linasimama karibu na stendi, na sauti nzito inaanza: je, unachoka bila sababu? Unaamka mara kwa mara kukojoa? Mgongo unauma? Unasahau ulikoweka vitu? Unakasirika ovyo? Ndugu yangu, hizo ni nguvu za kiume! Kwa hesabu ile hapakuwa na mwanaume mzima Simiyu nzima, na madume ya mnadani yangehojiwa nayo yangeshindwa. Nilikuwa nacheka na jirani wa saluni. Sikugundua kwamba spika ile ilikuwa imeshanifundisha na mimi. Neno nguvu lilipotamkwa mbele ya kaunta yangu, kichwani mwangu lilikuwa na maana moja tu.

Sasa baba mkwe.

Mimi ni mtoto wa Sola, Maswa, nimeolewa Nkololo. Mume wangu ni mwalimu, tunaishi mjini, lakini mji wetu hasa ni kule kwa wazazi wake: nyumba kubwa, nyumba ya mbele, zizi, na shamba la pamba linaloshuka hadi bondeni. Baba mkwe alikuwa mtu mrefu wa maneno machache. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawazoeani. Namsalimia nimepiga magoti, namwekea maji na chakula, naondoka. Sikai kwenye kiti karibu naye. Simtazami akila, sitaji jina lake, na yeye hapiti penye bafu akijua nipo. Watu wa mjini wanaona ni ushamba. Mimi niliuona kama mapenzi ya aina yake, na bado nauona hivyo. Aliniita mayu, mama, tangu siku ya kwanza, nikiwa binti wa miaka ishirini na moja asiyejua hata kukamua.

Alikuja dukani mchana wa jua kali, peke yake. Hakuwahi kuja. Alikuwa amevaa koti lake la kikao, na mkanda wa suruali umetobolewa tundu jipya kwa msumari, ncha yake inaning'inia. Dukani kulikuwa na watu watatu. Nikatoka nyuma ya kaunta nipige magoti, akanizuia kwa mkono.

"Mwadila, mayu," alinisalimia.

"Mwadila, baba."

Nikampa kiti pale nje kibarazani. Akaomba maji. Nikampa chupa, akaimaliza bila kuishusha mdomoni, nikampa ya pili, akaimaliza pia. Nikasema moyoni, jua la leo. Akavua kandambili ya tairi na kuusugua wayo wa kulia kwa kidole gumba, taratibu, na mimi nikageuza uso, maana si adabu mkamwana kukodolea macho miguu ya baba mkwe. Nilirudi ndani kuwahudumia wale watatu. Walipoondoka aliinuka, akaja hadi kwenye kaunta, akaweka mikono miwili juu ya kioo.

Nyumbani tunaongea Kisukuma. Siku ile alinisemesha Kiswahili. Nimelifikiria jambo hili kuliko mambo mengine yote maishani mwangu. Alinisemesha Kiswahili kwa sababu nilikuwa kazini, nimevaa koti jeupe, na yeye hakutaka kuniaibisha kwa lugha ya zizini mahali pa kazi yangu. Ilikuwa heshima. Alikiokota neno kwa neno, kama mtu anayechagua mbegu.

"Mayu, nguvu zangu zimekwisha. Nisaidie dawa."

Angesema nguzu, kama tunavyosema nyumbani, ningemsikia. Nguzu ni za kushika jembe, za kumwangusha ndama, za kupanda kilima na mzigo. Hakuna spika inayouza nguzu. Ningemsikia mzee aliyekonda, anayekunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, anayeumwa mguu. Lakini alisema nguvu, kwa Kiswahili, amesimama pale pale wanaposimama wale wengine, duka likiwa tupu, na mimi nikamsikia kama wale wengine.

Aibu iliyonishika siwezi kuieleza vizuri. Masikio yalinichoma. Niliona baba mkwe wangu amefika mwisho wa njia hata akalazimika kunijia mimi, wa mwisho kabisa kuambiwa, na nikaona heshima pekee ninayoweza kumpa ni kufanya upesi na kunyamaza. Nikafanya kama ninavyofanya. Bahasha ya kaki, vidonge, Panadol juu. Nikakunja mara mbili, nikamsogezea bila kuinua macho.

"Kimoja kimoja, baba," nilisema.

"Wabeja, mayu," alinishukuru, akatoka.

Zahanati iko mtaa wa pili kutoka pale. Ningeweza kumshika mkono, au kama siruhusiwi kumshika, ningemwita mume wangu amshike.

Sikumwambia mume wangu. Ningeanzaje? Baba yako hawezi? Kila mwezi alipokwenda Nkololo nilimpa bahasha iliyokwisha kubandikwa, nikasema ni dawa ya mwili ya mzee, naye akaipeleka bila neno. Majibu yalikuwa yanakuja mafupi. Mzee anashukuru. Mzee anasema kichwa kinamgonga akinywa. Nikaongeza Panadol. Mzee anasema bado anachoka, labda aongezewe. Nikaongeza. Nilikuwa nasikitika kwa ajili ya mama mkwe, nikijiuliza yule mama wa watu anafanywa nini kule na mzee asiyetosheka. Nilifikia hata kucheka peke yangu. Leo nikikumbuka kicheko kile najichukia.

Wakati wa kuvuna pamba tulikwenda kusaidia, na nikaukuta mji umebadilika. Mama mkwe, ambaye hunipokea kwa vigelegele vya utani hata kama nimekuja juzi, alinionyesha pa kuweka mzigo kwa kidevu. Jioni nilipotaka kutandika kitanda cha wazee katika nyumba kubwa aliniambia nitandike cha mtu mmoja. Mzee alikuwa amehamia nyumba ya mbele, kwenye chumba cha kuwekea mashine ya kupiga dawa shambani na magunia.

"Kuna nini, mama?"

"Kamwulize mgonjwa wako," alijibu.

Alinieleza kesho yake, tukiwa shambani, amenipa mgongo, mikono yake inachuma pamba haraka haraka. Mchuuzi wa samaki wa Lamadi, anayepita na dagaa na sangara wa kukausha, alikaa kivulini kupumzika. Mzee akatoa bahasha yake ameze dawa. Mchuuzi akakiona kidonge. Lamadi wanavijua, barabara kuu ile ina madereva, wavuvi, wageni wa mbugani, na vidonge kama vile viko kila kona. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mzee, kumbe bado upo! Unaoa lini?" Alisema mbele ya watu wa mji ule na majirani wawili. Kabla ya jua kuzama Nkololo nzima ilikuwa na habari.

"Anataka mke mwingine," mama mkwe alisema. "Na wewe ndiye unayempikia dawa. Mkamwana! Ungeniambia hata mimi nijiandae."

Nilikaa chini pale kwenye mistari ya pamba. Niliapa kwamba sikujua habari ya mke mwingine, kwamba yeye mwenyewe alikuja kuniomba. Nikasema maneno yake yote kama alivyoyasema. Mama mkwe akaacha kuchuma. Akageuka, akanitazama.

"Alikwambia nguzu zake zimekwisha," alisema, kwa Kisukuma. "Mtu huyu hawezi kufika bondeni. Anapumzika mara tatu. Mimi ndiye niliyemtuma kwako. Nilimwambia nenda kwa mama yule, amesoma, atajua."

Nadhani nilipiga kelele kidogo. Nilikuwa nimeshaelewa yote kwa mara moja: maji, mkanda, wayo. Niliinuka nikakimbia hadi nyumba ya mbele. Mlangoni nikasimama, kwa sababu mkamwana haingii chumba anacholala baba mkwe. Hata siku ile sikuingia. Nilisimama nje namwita mume wangu, na harufu ya kidonda cha wayo ule ikanijia pale pale nilipo.

Hospitali mjini walimpima sukari, na daktari, kijana mpole mwenye usingizi machoni, akakirudia kipimo kwa sababu hakukiamini. Alikuwa ameugua kisukari muda mrefu. Kidonda kilikuwa kimeingia hadi mfupani. Daktari akauliza, kama wanavyouliza, "Mzee, umekuwa ukitumia dawa gani?"

Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda na mume wangu. Baba mkwe alitazama ukuta.

"Panadol," alisema.

Daktari akaandika. Mume wangu akaitikia kwa kichwa, maskini, kwani bahasha alizokuwa akizibeba yeye mwenyewe alijua ni za Panadol na vitamini. Mzee hakunitazama hata kwa pembe ya jicho. Alikuwa ananificha. Mguu unaoza, kijiji kinamcheka, na bado alijua kwamba akilitaja lile neno mkamwana wake ataharibikiwa kazi. Nilimfuata daktari hadi kwenye korido, nikamwambia vidonge gani, vingapi, kwa muda gani. Aliniuliza kama aliwahi kupimwa chochote kabla ya kupewa. Nikasema hapana. Hakunikaripia. Alisema tu kwamba wanapokea wengi wa namna hiyo, kwamba mara nyingine lile jambo ndilo dalili ya kwanza ya sukari, na mtu anayeuza dawa akiuliza maswali mawili tu huweza kugundua. Maswali mawili. Mimi nilijenga jina langu mjini kwa kutouliza hata moja.

Walimkata chini ya goti.

Siku za wodini zilikuwa nyingi, na mimi na mama mkwe tulizimalizia kwenye benchi la saruji nje, tukifua, tukingojea saa ya kuona wagonjwa. Nilidhani yamekwisha kati yao. Nilishamweleza kosa langu, alishanisamehe, au alisema hivyo, na nilimwomba amweleze mzee, kwa kuwa mimi nisingeweza kumtamkia baba mkwe maneno yale hata kwa bunduki. Akaenda akamweleza. Alirudi uso umemshuka.

"Haamini," alisema.

"Haamini nini, mama? Kwamba nilikosea?"

Alikamua shuka, akalikung'uta, akalitundika kwenye kamba kabla ya kunijibu. Aliongea akilitazama shuka.

"Lile jambo lilikuwepo, mwanangu. Kweli lilikuwepo. Tangu mwaka ule ukame ulipomaliza ng'ombe."

Sikujua niangalie wapi.

"Na hamkutafuta dawa?"

"Dawa ya nini?" Alishangaa kweli, hakuwa anajikaza. "Hatukuwa wagonjwa. Tumezaa saba, tumezika wawili. Tulikuwa tunalala tunaongea. Alikuwa ananisimulia habari za ng'ombe mmoja mmoja, waliokufa, rangi zao, nani alimzaa nani, mpaka ninasinzia. Mzee yule mchana humsikii sauti, lakini kule kitandani alikuwa na maneno mengi kama mtoto. Ni sisi wawili tu tuliojua, hili na lile."

Halafu akanieleza kilichotokea, na hapo ndipo nilipojua nimevunja nini. Mchuuzi alipokitaja kidonge, mzee hakukasirikia mchuuzi, wala hakunikasirikia mimi. Alijiuliza swali moja: mkamwana amejuaje? Yeye aliomba dawa ya kuchoka, akapewa dawa ya jambo ambalo kweli analo, jambo lisilojulikana na mtu duniani isipokuwa mkewe. Na ni mkewe aliyemtuma kwangu. Jibu lilikuwa wazi kabisa kwake. Mkewe aliyatoa ya chumbani, akayapeleka kwa mkamwana, na wanawake wawili wakakaa wakampangia matibabu. Jioni ile ile akabeba mkeka wake.

"Nimemwambia ulisikia vibaya," mama mkwe alisema. "Anasema mtu hasikii vibaya akapata ukweli."

Nilimtuma mume wangu. Kumweleza mume wangu kulinigharimu siku mbili za kulia, na yeye kumweleza baba yake kulimgharimu sijui nini, kwani alitoka wodini amekunja uso kama aliyepigwa, hakutaka kuniambia walichoongea. Ninajua tu kwamba mzee alisema, "Kwa hiyo na wewe unajua," akageukia ukutani. Kila tulipojaribu kuondoa neno lile tuliongeza mtu mmoja anayelijua.

Vidonge vile nimeacha kuviuza. Mwenye duka hakufurahi, na wateja wanaona nimekuwa mkali: nauliza unakunywa maji kiasi gani, unalala saa ngapi, umefiwa lini. Wengi wanaondoka kabla ya swali la pili, wanakwenda duka la ng'ambo ya barabara. Siwalaumu. Walizoea kusitiriwa.

Baba mkwe alirudi Nkololo kwa gari la kukodi, na magongo mawili mapya. Tulikuwa tumemtandikia katika nyumba kubwa. Mama mkwe alikuwa amefagia, amepiga udongo mwekundu sakafuni, amehamisha kinyesi chote cha kuku hadi mbali, maana aliambiwa kidonda kisiguswe na uchafu. Gari liliposimama mzee alimshika mwanawe bega, akaruka kwa mguu mmoja, akapita mlango wa nyumba kubwa bila kusimama, na kuingia nyumba ya mbele. Alifanya hivyo kwa upole. Alimsalimia mkewe vizuri, kama mtu anavyomsalimia jirani mwema.

Tulipokuwa tunaaga, mama mkwe alinisindikiza hadi barabarani. Alikuwa ameshika kanga yake kifuani, na kwa mara ya kwanza niliona amezeeka. Aliniuliza kama dawa za sukari atazinywa maisha yake yote. Nikasema ndiyo, na sindano huenda zikafuata. Akauliza kama ale ugali wa mtama au wa mahindi. Nikamweleza. Kisha akatazama kule nyumbani, akanisogelea kama wanavyonisogelea wateja duka likiwa tupu.

"Mayu, wewe unayejua dawa," alisema. "Hakuna ya kumrudisha ndani akaniongelesha?"

Nikamwambia hakuna.